Soma Msimbo Kwanza: Majibu Kuhusu Maonyo ya Usalama Kwenye Kivinjari

Barua nyingi zilizofika safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: kivinjari kimegoma kufungua ukurasa, kimeandika maneno ya kutisha, na msomaji hajui arudi nyuma au aendelee. Kabla ya majibu, jizoeze kitu kimoja. Kwenye ukurasa wa onyo huwa kuna msimbo wa herufi kubwa zilizounganishwa kwa vistari, mfano NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Kwa Chrome na Edge uko chini ya maneno makubwa. Kwa Firefox bonyeza kwanza kitufe cha maelezo zaidi. Maneno makubwa hufanana karibu kwa kila tatizo. Msimbo ndio unaokuelekeza pa kuanzia: saa yako, mtandao uliopo, tovuti yenyewe, au mtu aliyejipenyeza katikati. Ukituandikia, tuandikie msimbo huo jinsi ulivyo.

SWALI: Nina steshenari yenye kompyuta tatu za wateja. Umeme ukikatika usiku, asubuhi mbili kati yake hazifungui tovuti yoyote, hata Google. Zinasema muunganisho si wa faragha. Fundi ananiambia niweke Windows upya. Ni kweli? (Msomaji, Kahama)

JIBU: Usiweke Windows upya. Angalia tarehe iliyo pembeni chini ya skrini. Tunaamini utakuta mwaka uliopita zamani, na msimbo wa onyo utakuwa na neno DATE. Wakati mwingine Chrome yenyewe hutambua na kukuandikia kuwa saa yako iko nyuma.

Kila tovuti inayoanza na https hukionyesha kivinjari cheti, yaani kitambulisho chake cha kidijitali, chenye tarehe mbili: ya kuanza kutumika na ya kuisha. Kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta. Kompyuta ikidhani ni mwaka 2015, vyeti vyote vya leo vinaonekana bado havijaanza kutumika, na vyote vinakataliwa. Ndiyo maana kipimo cha kwanza ni hiki: tovuti zote zikigoma, tafuta kasoro kwenye mashine yako au mtandao wako, ikigoma moja tu, kasoro huenda iko kwa mwenye tovuti.

Saa ya kompyuta ya mezani hutunzwa na betri ndogo iliyo kwenye ubao mkuu, mviringo kama sarafu, karibu zote ni aina ya CR2032 ya volti 3. Betri ikifa, saa huendelea kwenda maadamu mashine ina umeme. Ukikatika, tarehe inarudi nyuma. Kuibadilisha ni kazi ya dakika chache. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe, fungua ubavu, sukuma kibanio kidogo kilicho pembeni mwa betri nayo itachomoza. Weka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Ukiwasha, mashine inaweza kukuambia ubonyeze F1 au uingie kwenye mipangilio. Hilo ni kawaida, ingia uweke tarehe na saa. Kwa kompyuta mpakato mpe fundi, kwa sababu nyingi zina betri yenye waya wake iliyofichwa chini ya kibodi.

Ukishaingia Windows, nenda kwenye mipangilio ya tarehe na saa, hakikisha kanda ya saa ni ya Nairobi, yaani UTC+03:00, kisha bonyeza Sync now. Hapa wengi hukwama. Windows kwa kawaida hukataa kusahihisha pengo linalozidi saa 15. Kwa hiyo kama mwaka umekosewa, weka kwanza tarehe na saa kwa mkono, ndipo ubonyeze kitufe hicho.

Na jihadhari na saa zetu. Saa nane mchana kwenye kompyuta ni 14:00, si 08:00. Tumeona mashine zilizowekwa saa kwa hesabu ya Kiswahili, zikawa nyuma kwa saa sita. Tovuti nyingi zitafunguka, lakini ile iliyopata cheti kipya asubuhi hiyo itakataliwa kwa msimbo uleule wa tarehe, nawe utailaumu tovuti bure.

SWALI: Nyumba ya wageni niliyofikia ina waifai. Nikijaribu kufungua Facebook kwenye kivinjari napata onyo, tena halina hata kitufe cha kuendelea. Kwa bando langu inafunguka vizuri. Je, wananiibia? (Msafiri, Moshi)

JIBU: Mara nyingi hapana, ila umefanya vyema kusimama. Waifai za namna hiyo hutaka kwanza uweke vocha, namba ya chumba au ukubali masharti. Ruta hukatiza ombi lako na kujaribu kukupeleka kwenye ukurasa wake wa kuingilia. Ombi likiwa la https, ruta haina cheti cha Facebook, inatoa cha kwake, na kivinjari kinaona jina halilingani. Msimbo wake kwenye Chrome ni NET::ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID, na kwenye Firefox ni SSL_ERROR_BAD_CERT_DOMAIN. Kitufe cha kuendelea hakipo kwa sababu tovuti kubwa zimekiagiza kivinjari kisizifungue kamwe bila cheti sahihi. Usitafute njia ya kupita hapo.

Fanya hivi. Shusha pazia la arifa la simu uone kama kuna ujumbe wa kukutaka uingie kwenye mtandao, uguse huo. Kama haupo, andika kwenye kivinjari http://neverssl.com, ukianza na http isiyo na s. Tovuti hiyo imetengenezwa makusudi isitumie https, kwa hiyo ruta itaweza kukuonyesha ukurasa wake. Bado? Zima VPN (programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva nyingine), na kwenye Android zima kwa muda DNS ya faragha (huduma inayotafuta anwani za tovuti kwa siri) kama uliiwekea jina la seva. Vitu hivyo viwili huzuia ukurasa wa kuingilia usionekane. Ukishaunganishwa virudishe.

Ukiwa umeshaingia kihalali na maonyo yakaendelea kwenye tovuti ambazo kwa bando zinafunguka sawa, basi kuna kitu kinakatiza mawasiliano yako. Toka kwenye waifai hiyo, futa jina lake kwenye simu, tumia bando lako.

SWALI: Simu ya mama inatetemeka na kuandika kwamba ina virusi 13 na betri itaharibika ndani ya dakika mbili. Ameshabonyeza mara nyingi. Tumsaidieje? (Binti yake, Tanga)

JIBU: Mwambie mama atulie, simu haitalipuka wala betri haitakufa. Hilo si onyo la kivinjari bali tangazo la matapeli. Kivinjari hakina uwezo wa kuhesabu virusi vya simu, hakikupi dakika za kuhesabu kurudi nyuma, na hakikupi namba ya kupiga. Chochote chenye kimojawapo kati ya vitu hivyo vitatu kimeandikwa na mtu anayetaka pesa au nenosiri.

Kama ni ukurasa, msiguse kitu chochote ndani yake, hata alama ya kufungia, kwa sababu inaweza kuwa picha tu yenye kiungo. Rudini mwanzo wa simu, kisha fungueni orodha ya vichupo vya kivinjari na kufunga kichupo hicho. Kikirudi chenyewe, nendeni kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, chagueni Chrome, ilazimisheni isimame, kisha muifungue tena na kufuta data ya kuvinjari ya siku hiyo.

Kama maneno yanakuja hata kivinjari kikiwa kimefungwa, basi mama aliwahi kubonyeza Ruhusu kwenye tovuti fulani. Matapeli huandika kwamba ubonyeze Ruhusu kuthibitisha kuwa wewe si roboti au ili video ianze. Kumbe unaipa tovuti ruhusa ya kukutumia arifa. Ikija tena, ibonyezeni na kuishikilia: mtaona jina la tovuti na njia ya kuizima. Au fungueni Chrome, gusa nukta tatu, mipangilio, mipangilio ya tovuti, arifa, muondoe kila tovuti msiyoijua. Hapo mtetemo utakoma.

Swali muhimu kuliko yote ni kama aliposhawishiwa alisakinisha kitu. Tazameni orodha ya programu, mkianza na za karibuni. Ikiwepo iliyojiita kisafishaji au kinga ya virusi, iondoeni. Ikikataa kuondoka, imejipatia cheo cha msimamizi wa kifaa. Tafuteni neno hilo kwenye mipangilio ya usalama, izimeni hapo, ndipo muiondoe. Angalieni pia mipangilio ya ufikivu, maana programu iliyopewa ruhusa huko inaweza kusoma skrini nzima. Malizieni kwa ukaguzi wa Play Protect ndani ya Play Store. Kama aliandika namba ya siri ya pesa za simu popote, ibadilisheni leo.

Kwenye kompyuta, tangazo la aina hii hujaza skrini nzima. Shikilia Esc kwa sekunde chache, kisha Alt na F4. Likigoma, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kufungua orodha ya programu zinazoendelea, uchague kivinjari na kukifunga. Usipige namba iliyoandikwa. Anayepokea atakuomba usakinishe programu ya kuongoza kompyuta yako kutoka mbali.

Lipo pia onyo la kweli la ukurasa mwekundu, lisemalo tovuti ni hatari au ya udanganyifu. Chrome, Firefox na Safari hutumia orodha ya Google iitwayo Safe Browsing. Edge hutumia SmartScreen ya Microsoft. Onyo hilo halizungumzii cheti, linasema tovuti imeripotiwa kuiba au kusambaza programu mbaya. Hilo msilipite hata kidogo.

SWALI: Simu yangu ni ya Android 6, bado nzima. Tovuti nyingine zinafunguka, nyingine zinaleta NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID. Simu ya mwanangu kwenye mtandao uleule inazifungua zote. Kuna mtu amenitumia faili la cheti niliweke. (Mzee, Ujiji)

JIBU: Shikamoo mzee. Faili hilo usiliweke. Ukiweka cheti cha mtu usiyemjua kwenye simu, umempa uwezo wa kujifanya tovuti yoyote mbele yako, benki ikiwemo, bila kivinjari kukuonya tena.

Tarehe ya simu ikiwa sahihi, tatizo ni umri wa orodha. Ndani ya simu kuna orodha ya taasisi zinazoaminiwa kutoa vyeti, na kwenye simu za zamani orodha hiyo hubadilika tu mfumo mzima unaposasishwa. Let's Encrypt, taasisi inayotoa vyeti bure kwa mamilioni ya tovuti, haimo kwenye orodha ya Android iliyo chini ya 7.1.1. Kwa miaka kadhaa vyeti vyake viliegemea mzizi (cheti kikuu cha taasisi) wa zamani uliokuwa ukitambulika kila mahali. Mzizi huo uliisha muda tarehe 30 Septemba 2021. Ukafuata mpango maalumu wa kuzibeba simu za zamani, nao ukafika mwisho mwaka 2024. Ndiyo maana tovuti zilizokuwa zikifunguka zimeanza kugoma wakati hakuna ulichogusa.

Dawa ya muda ni Firefox, kwa sababu hubeba orodha yake yenyewe badala ya kutegemea ya simu. Jaribu kuipata Play Store kama bado inakubali kuingia kwenye simu yako. Isipoingia, usiichukue mitaani. Kwa pesa tumia menyu ya nyota na reli, ambayo haipiti kwenye kivinjari, na mambo ya fomu na manenosiri yafanyie kwenye simu ya mwanao.

Kuna upande wa pili ambao wengi hawauoni. Orodha ya zamani inakosa waaminifu wapya, na pia huweza kubaki na wasioaminika. Mwaka 2011 kampuni ya Uholanzi iitwayo DigiNotar ilivamiwa, vikatolewa vyeti bandia, kimojawapo cha Google, kikatumika dhidi ya watumiaji wa Iran. Vivinjari vikaifuta kampuni hiyo. Kifaa kisichopata masasisho hakipati habari za kufutwa kwa namna hiyo.

SWALI: Kile kifuli kidogo pembeni mwa anwani kimepotea kwenye Chrome. Niache kuingia benki? (Muuguzi, Songea)

JIBU: Hapana. Google walikiondoa makusudi kwenye toleo la 117, Septemba 2023, wakaweka alama ya vitufe vya kuseti. Watu walidhani kifuli kina maana ya tovuti ya kuaminika, kumbe kilisema tu kwamba njia kati yako na tovuti imefungwa. Tapeli naye hupata cheti bure. Alama ya kuangalia sasa ni ile ya kukosa usalama, ambayo tangu Julai 2018 Chrome huiweka kwenye kila tovuti ya http.

Kinachokulinda ni kusoma jina. Anza kwenye mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti, usome kuelekea kushoto. Anwani ikianza kwa jina la benki na co.tz, kisha ikafuata nukta, neno jingine na com, mwenye tovuti ni huyo wa mwisho, si benki.

SWALI: Kwenye kompyuta ya ofisi Firefox inaleta SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER kwa kila tovuti. Chrome kwenye mashine ileile haisemi kitu. Niitumie hiyo? (Karani, Dodoma)

JIBU: Tarehe ingekuwa mbaya, Chrome nayo ingelalamika. Kuna kitu kinachofungua mawasiliano yenu, kuyakagua na kuyafunga tena kwa cheti chake: kinga ya virusi iliyo kwenye mashine, au mtambo wa ulinzi wa mtandao wa ofisi. Mtu wa TEHAMA ameweka cheti hicho kwenye Windows, Chrome ikakikubali. Firefox yako haijakipokea. Hakiki mwenyewe: kwenye Chrome bonyeza alama iliyo pembeni mwa anwani, fungua maelezo ya cheti, soma kimetolewa na nani. Ukikuta jina la programu ya kinga au la ofisi, jibu ni hilo.

Kama ni kinga ya virusi, zima kipengele chake cha kukagua https au uisakinishe upya. Kama ni ofisi, mwombe mtu wa TEHAMA aiwezeshe Firefox. Yeye atajua kubadilisha security.enterprise_roots.enabled iwe true. Ofisi ina haki ya kulinda mtandao wake, ila ujue kwamba unachoandika hapo kinaweza kusomwa njiani. Benki yako na barua pepe zako binafsi zifungue kwenye simu yako kwa bando lako. Uwezo huo si mdogo: mwaka 2019 Kazakhstan ilipotaka wananchi waweke cheti cha aina hiyo kwenye vifaa vyao, Google na Mozilla walikizuia kwenye vivinjari vyao Agosti mwaka huohuo.

SWALI: Ninasimamia tovuti ya shule. Wazazi wengine wanapata onyo, wengine hawapati. Kwangu inafunguka. (Mwalimu, Bukoba)

JIBU: Mwalimu, tofauti hiyo ndiyo fununu. Waombe wazazi msimbo, na anwani kamili waliyoandika.

Ukiwa wa COMMON_NAME, cheti huenda hakina jina lenye www. Kwa seva yenye Certbot (programu ya kuchukua vyeti) na Nginx (programu inayotoa kurasa za tovuti), andika: sudo certbot --nginx -d shuleyako.sc.tz -d www.shuleyako.sc.tz. Ukiwa wa AUTHORITY, yaelekea seva inatoa cheti chenyewe bila kile cha kati kinachokiunganisha na mzizi. Vivinjari vingine hujitafutia kipande hicho, vingine haviwezi, na ndipo wazazi wanapotofautiana. Kwenye mipangilio ya Nginx, ssl_certificate ielekeze kwenye fullchain.pem, si cert.pem.

Ukiwa wa DATE kwa wengi, cheti kimeisha. Vya Let's Encrypt vimezoeleka kuwa vya siku 90 na vinapaswa kujihuisha vyenyewe. Jaribu sudo certbot renew --dry-run. Ikishindwa, mara nyingi mlango wa 80 wa seva (port, unaotumiwa na http) umefungwa na mtu aliyedhani https inahitaji mlango wa 443 tu. Njia ya kawaida ya uhakiki hupita 80. Ikifaulu na onyo likabaki, cheti kipya kipo kwenye diski lakini Nginx bado imeshika cha zamani: sudo systemctl reload nginx. Ongeza --deploy-hook "systemctl reload nginx" unapohuisha ili isijirudie. Kwa wenye cPanel (paneli ya kusimamia tovuti), fungueni SSL/TLS Status, mbonyeze Run AutoSSL, msome kosa lililoandikwa kando ya kila jina.

Usisubiri barua pepe ya kukukumbusha. Let's Encrypt waliacha kutuma za tarehe ya kuisha Juni 2025. Na anayelipia cheti na kukiweka kwa mkono mara moja kwa mwaka abadilishe utaratibu: kwa kanuni zilizopitishwa 2025, umri wa juu wa cheti unashuka kutoka siku 398 hadi 200 kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia 15 Machi 2027, na 47 kuanzia 15 Machi 2029. Kwa mkono hutaweza.

SWALI: Nikifungua 192.168.8.1 kubadilisha nenosiri la ruta yangu, napata onyo. Niendelee? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Endelea, kwa sharti kwamba uko kwenye waifai yako nyumbani na anwani hiyo umeiandika mwenyewe. Ruta imejitengenezea cheti chake, na hakuna taasisi ya hadharani inayotoa cheti kwa anwani za ndani zinazoanza na 192.168. Ukishaingia, badilisha pia nenosiri la msimamizi lililobandikwa chini ya ruta, siyo lile la waifai peke yake.